Njano Ilipokatika

Jumatano, 12 Machi

Mdogo wangu,

Picha ya chumbani kwa Mama ilitoka ukutani Jumapili tarehe tisa, mchana, na aliyeitoa ni wewe. Tangu hapo Mama hana chumba. Nimeanza na hilo kwa sababu nakujua: unasoma mistari miwili ya mwanzo, inayobaki unamwachia mkeo akusimulie.

Kwenye simu umenikatia mara tatu. "Dada, nina mteja." "Dada, mtandao." Haya, karatasi haina mtandao. Barua hii nimeitia ndani ya bomba lile lile la kadibodi ulilokuja nalo, pamoja na picha yako mpya. Nimeibandua mwenyewe kwenye mbao zake, pini moja moja, na sijaichana popote. Usije ukasema nimekuharibia mali.

Nikukumbushe ilivyokuwa, maana ulikuwa na haraka. Ulikuja, ukala, ukamwita Mama "mchumba" kama kawaida yako, akacheka. Mimi nikamtoa nje kuota jua. Kurudi, ukuta una kitu cha mita moja na nusu kwa mita moja, kinang'aa kama gari jipya, na ile ya zamani, sentimita tisini kwa sitini, umeshaipakia kwenye buti. Ukaniambia, "Dada, nimewapandisha hadhi." Hukumuuliza Mama. Hukuniuliza mimi ninayelala chumba cha pili yake.

Jioni nikamrudisha akapumzike. Akafungua mlango, akasimama, akatazama ule ukuta. Kisha akasema kwa adabu zote, kama aliyeingia kwa jirani asiyemfahamu: "Samahani, nimekosea mlango." Akaufunga taratibu. Akaenda kufungua stoo. Akafungua bafu. Akafungua jiko. Akanirudia mimi: "Chumba changu mmekipeleka wapi?"

Nikamwonyesha kitanda chake, shuka zake, kandambili zake. Akaniambia hivyo vitu vya watu nisivishike. Amelala kwenye kiti cha koridoni, na mimi sakafuni pembeni yake, na asubuhi shingo yake ilikuwa imekakamaa kama ubao.

Wewe unafikiri mzee wetu amesahau kila kitu. Si kweli. Jina langu huwa linampotea, sawa, lakini chumba chake hajawahi kukikosa. Alikuwa akiingia anaiangalia ile picha kwanza, anapeleka kiganja pale katikati panapobadilika rangi, ndipo anakaa kitandani. Kila siku. Nilikuwa naona, nikachukulia ni mazoea ya kizee. Sasa najua ndiyo iliyokuwa ikimwambia amefika.

Irudishe ile ya zamani. Sitaki nyingine, sitaki kubwa zaidi, sitaki zawadi. Ile ile.

Dada yako


Jumatatu, 17 Machi

Dada yangu mpendwa, shikamoo.

Barua nimeisoma yote, hadi chini, na mke wangu ni shahidi. Amecheka kwenye hiyo mistari miwili mpaka nikamfukuza chumbani.

Dada, pole sana. Lakini ngoja nikueleze, maana nahisi umenielewa vibaya. Ile picha ya zamani ilikuwa mbovu. Mbovu kabisa. Mwaka ule nilipoanza, na mashine moja niliyoinunua imeshatumika, nilikuwa nachapa picha ya rangi mbili tu: chungwa juu, kijani chini, basi. Watu wa majumba mapya ndizo wanazozipenda, hazina mtu, hazina mti, hazina habari. Unaweka sebuleni juu ya kochi na ukuta unatulia. Katikati ya ile nakala wino wa njano ukakatika. Mashine haikusimama, ikaendelea bila njano. Lile chungwa likaanza kugeuka waridi kadiri lilivyoshuka, na kijani, ambacho bila njano si kijani tena, kikatoka samawati. Haikuuzika. Kuitupa niliona uchungu, turubai, kile kitambaa cha kuchapia, ilikuwa ghali. Nikampelekea Mama.

Sasa fikiria, mimi leo nina mashine nne, wateja wenye maghorofa, halafu mama yangu mzazi analala chini ya kitu nilichotaka kukitupa. Nilikuwa naona haya kila nikiingia mle. Niliyoleta ndiyo picha ilivyotakiwa kuwa. Ni ile ile, Dada, ila imetoka salama.

Mama atazoea. Wazee wanahitaji wiki mbili tatu. Uliponunua jiko jipya si alikataa kulikaribia? Leo nani anambandua kwenye lile jiko?

Hata hivyo, kwa kuwa naona una hasira, nimekuchapia nyingine kwa kipimo cha ile ya zamani, tisini kwa sitini kamili, na nimeichezea rangi ili ikaribiane: waridi limo, samawati imo. Iko humu ndani ya bomba. Itundike pale pale, zima taa kubwa, mwashie ndogo. Hatajua tofauti.

Ile ya zamani iko hapa karakana, inanyooshwa kidogo, ilikuwa imejikunja pembeni. Usiwe na wasiwasi nayo.

Msalimie mchumba wangu.

Mdogo wako,
Kitindamimba


Jumamosi, 22 Machi

Kitindamimba,

Shikamoo yako nimeipokea. Marahaba.

Amejua tofauti. Nilifanya kama ulivyoelekeza, taa ndogo na kila kitu. Alifika mlangoni, akachungulia, akaniuliza, "Wenyewe wamesafiri?" Nikasema, Mama, hapa ni kwako, tazama picha yako. Akaingia hatua chache, nikafurahi mpaka nikashika ukuta. Akanyoosha mkono pale katikati. Akaurudisha haraka kama aliyegusa sufuria ya moto. "Hapana," akasema. "Hii imekatwa." Akatoka.

Nimekwenda kuitazama na miwani yangu ya dukani. Ni kweli. Kwenye hii yako waridi linafika mahali linakoma, halafu samawati inaanza, mstari umenyooka kama wa rula. Ile ya zamani haikuwa na mstari. Ungeitazama mchana kutwa usingeweza kuonyesha kwa kidole ni wapi moja ilipoishia.

Unaniambia mimi habari za kukaribiana rangi! Miaka yote hii nauza vigae. Nilianza na boksi sita barazani kwa watu, leo nina ghala. Mteja akija na kigae kimoja mkononi anataka vya kuongezea, simwambii "vinakaribiana". Nageuza boksi, natafuta namba ya tanuri. Kama vimetoka tanuri jingine namwambia usinunue, utatandika sebule nzima halafu kila siku jicho lako litakwenda pale pale. Rangi hiyo hiyo, jina hilo hilo, kiwanda hicho hicho, na bado si kigae chake. Wewe umenijibu kama muuzaji asiyetaka mteja ageuze boksi.

Sikiliza sasa kinachotokea hapa. Mama alikuwa na kilo hamsini na moja Februari. Leo asubuhi tumempima na muuguzi anayekuja kumwangalia: arobaini na saba. Halali, kwa hiyo mchana anasinzia, kwa hiyo hali. Nikimwekea maziwa anasema asubiriwe mwenye nyumba. Ananiuliza kwa upole ataruhusiwa lini kurudi kwake. Jana alikuwa amefunga kanga zake kwenye furushi na ameketi nalo mlangoni, ananisubiri nimwitie gari. "Nimekaa kwenu vya kutosha," akaniambia. "Msije mkanichoka."

Nilikwenda bafuni nikafungulia maji ili asinisikie.

Muuguzi ananiambia niwe mvumilivu, na nisimkatalie kitu anachokiona. Sawa. Lakini ninachokijua mimi ni kwamba kila kitu mle chumbani kiko pale pale, nimekihesabu, na kimebadilika kimoja tu. Siombi nakala. Hata kama imejikunja, hata kama imechanika. Kama una kazi nyingi sema, nipande basi nije niichukue mwenyewe.

Dada yako


Ijumaa, 28 Machi

Dada, shikamoo.

Usipande basi, nani atabaki na Mama?

Hii hapa, imerudi. Ile yenyewe. Ndiyo maana sikuitia kwenye bomba, nimeifunga kwenye kreti na fremu yake ya zamani, ile yenye pembe moja iliyopasuka, utaiona. Nimeifuta vumbi, kwa hiyo ukiona imechangamka kidogo usishangae, ni usafi. Kama inanukia nukia ni dawa ya kufutia, fungua dirisha.

Samahani kwa usumbufu wote. Kuna mpambaji wa majumba amenipa kazi ya jengo zima, vyumba thelathini na viwili pamoja na ukumbi wa chini, na nimebanwa mpaka nasahau kula. Kazi hii ikikamilika ndiyo nimetoka, Dada. Ndiyo nitakuwa mtu wa kusimama mwenyewe. Baada ya hapo nitakuja nikae wiki nzima, wewe ulale.

Niambie akiiona.

Kitindamimba


Alhamisi, 3 Aprili

Mdogo wangu,

Nimekukosea, na ninaanza kwa kuomba radhi.

Picha ilifika Jumatatu. Nilipoona ile pembe iliyopasuka nililia palepale kwenye ofisi ya mizigo, yule karani akaniuliza kama kuna msiba. Nikaitundika kwenye msumari wake ule ule. Nikafagia. Nikamwogesha Mama, nikampaka mafuta, nikamwambia leo unarudi kwako. Akanishika mkono kama mtoto anayepelekwa mahali pazuri.

Alisimama mbele yake muda mrefu. Aliiangalia, akaangalia fremu, akaipapasa ile pembe, akatabasamu. Kisha akapeleka kiganja katikati. Akakitoa. Akanigeukia, na sijui nikuelezeje ile sura, ilikuwa sura ya mtu anayekuonea huruma. "Mwanangu," akasema, "umejitahidi. Lakini si yenyewe."

Basi nikaelewa. Haikuwa picha. Nimekusumbua wewe, nimekutukana, nimekufananisha na wauza vigae matapeli, kumbe shida haikuwa ukutani. Yenyewe iko mbele yake, ameishika kwa mkono wake, na hakuitambua. Siku ulipobadilisha picha ilikuwa siku yake tu, na mimi nikatafuta wa kumlaumu kwa kuwa uko mbali na unacheka sana. Nisamehe.

Jana nimempeleka kwa daktari. Akaniuliza, bado anatambua vitu vyake? Nikamsimulia habari ya picha kama ilivyo. Nikamwambia, hapana, hatambui tena. Akaandika. Nikaweka saini.

Amempa dawa ya usingizi, nusu kidonge. Na nimeamua kitu ambacho muuguzi hakipendi, lakini yeye anaondoka jioni na mimi ndiye ninayebaki. Kuanzia kesho Mama atalala chumbani kwake kitandani, na mlango nitaufunga kwa ufunguo. Kama hajui chumba kipi ni kipi, basi bora asijue akiwa amelala sehemu laini. Siwezi tena sakafu ya koridoni. Nimefikisha miaka hamsini na sita, na magoti yangu yanaijua idadi hiyo kuliko mimi.

Usijilaumu kwa lolote. Fanya kazi yako ya jengo, umalize.

Dada yako anayekupenda


Jumatatu, 7 Aprili

Dada,

Usiufunge mlango. Barua yako nimeipata leo hii na simu yako haipatikani. Usiufunge kwanza.

Labda ni mwanga. Labda niliifuta mno, dawa inakula rangi wakati mwingine. Madaktari nao huandika haraka. Mwambie huyo daktari asubiri, asiandike kitu cha moja kwa moja. Mimi nadhani Mama hajafika huko. Siwezi kukueleza kwa nini nadhani hivyo, lakini nadhani.

Nitakupigia. Nikimaliza huku nitakuja, tuongee vizuri tukiwa tumekaa.

Kitindamimba


Jumanne, 8 Aprili

Mdogo wangu,

Naandika nikiwa kwenye benchi la wodi. Simu nimeiacha nyumbani na sina mtu wa kumtuma.

Mama alianguka alfajiri ya Jumamosi. Kidonge hakikumshika. Aliamka mle ndani, akakuta mlango haufunguki, akapanda kiti akitaka kutoka dirishani. Nilimsikia akiita, "Jamani wenye nyumba, nifungulieni, mimi si mwizi." Nikasema moyoni, atanyamaza, akizoea atanyamaza. Kisha nikasikia kishindo.

Nyonga ya kushoto. Wameshamfanyia upasuaji jana, umekwenda vizuri, wanasema mifupa yake bado ina nguvu.

Linalokuja ndilo gumu. Ijumaa ijayo, tarehe kumi na nane asubuhi, madaktari wanakaa kuamua. Anayeweza kufuata maelekezo anabaki hapa wodi ya mazoezi, anafundishwa kutembea upya, halafu anarudi nyumbani. Asiyeweza hapewi, vitanda ni vichache. Anapelekwa kwenye nyumba ya wazee wasioinuka. Nimekwenda kuiona ile nyumba. Ni safi. Wote wamelala wanatazama dari.

Nimeuliza wataamua kwa kutumia nini. Daktari akafungua faili, akanisomea maneno yangu mwenyewe: hatambui vitu vyake.

Kama hujaanza safari, usianze. Hakuna cha kufanya.

Dada


Ijumaa, 11 Aprili

Wifi yangu kipenzi,

Pole, pole, pole sana. Barua yako nimeisoma mimi kwanza kabla ya mume wangu, unisamehe, si unajua humu ndani barua zote ni zangu! Nimelia. Nimempa, akasoma, akaenda karakana, na tangu juzi analala huko huko. Hali chakula. Nikimuuliza kuna nini ananiambia wino. Mwanamume gani analia kwa sababu ya wino?

Wifi, mimi naona Mama ana akili kuliko sisi sote. Nilimwambia mume wangu tangu mwanzo, usimpelekee nakala, atajua. Akasema hatajua. Na kweli alihangaika nayo, usije ukadhani alikupuuza. Siku nne anajaribu kuifanya mashine ikosee kama ilivyokosea ile siku ya kwanza. Akapunguza njano kidogo kidogo, akaizima katikati, akaiwasha. Mashine ikitakiwa ikosee, wifi, inakuwa mwalimu mkuu, haikosei hata kwa viboko! Ile ya mwisho aliyokutumia kwenye fremu ya zamani ndiyo ilikaribia, hata mimi nilipoiona niliduwaa. Nikasema basi hii akishakueleza mambo yalivyokuwa, Mama huenda akaikubali hivyo hivyo.

Ila yenyewe ndiyo tena haikurudishika. Ilinisikitisha alipoikata, maana nilijua ni ya Mama, lakini wao ndivyo wanavyofanya kazi: wakitaka kuigiza rangi, wanaikata turubai vipande vyembamba, wanaviweka ubavuni mwa ile inayotoka kwenye mashine, waone zinafanana au la. Yule mpambaji aliiona ile picha nyuma ya Mama kwenye simu ya mume wangu, akasema hiyo hiyo naitaka, jengo zima. Kwa hiyo akaifuata. Alhamisi jioni wanakwenda kuzitundika, zote thelathini na mbili na ile kubwa ya ukumbini.

Vipande bado viko juu ya meza yake, nimevihesabu, kumi na moja. Nimekuwekea kimoja humu kwenye bahasha, cha katikati, nikasema labda Mama atapenda kukishika tu, mgonjwa hupenda kitu cha nyumbani. Ukitaka na vingine niambie, nitavileta mwenyewe.

Mpe Mama busu langu.

Wifi yako


Jumatatu, 14 Aprili

Kwako wewe, mwana wa mama yangu,

Barua ya mkeo imefika leo asubuhi, na kipande ndani yake. Usimguse kwa hilo, usimfokee hata kwa neno moja. Yeye aliamini kwamba umeshaniambia. Anakudhania wewe ni mtu wa kueleza.

Sitakuandikia ninachojisikia. Nitakuandikia tunachokijua sasa, mimi na wewe, kwa mpangilio.

Machi tarehe tisa ulichukua picha, na sababu uliyonipa, ya kumpandisha hadhi, ilikuwa ya uongo. Tarehe kumi na saba uliniambia inanyooshwa, nayo imeshakatwa. Tarehe ishirini na nane uliniandikia "ile yenyewe" kwa mkono wako. Barua ninayo hapa. Ukachukua fremu yenye pembe iliyopasuka, kitu ulichojua nitakitambua mimi, ukatia uongo ndani yake. Hukutaka kumdanganya Mama, ulitaka kunidanganya mimi. Mimi ukanipata. Mama hukumpata. Mara tatu ulimletea picha isiyo yake, na mara tatu, akiwa na usingizi, akiwa na njaa, alisema si yenyewe. Kati ya watu wote wenye akili timamu katika habari hii, aliyekuwa sahihi kila mara ni yule tuliyemwandika kwamba hajui.

Na mimi nilimsikia akiita nyuma ya mlango niliofunga kwa mkono wangu. Huo ni mzigo wangu, sikupi wewe. Nitaubeba. Lakini nilifunga kwa kuwa nilikuamini.

Mchana nimempelekea kile kipande. Amelala chali, wamemwekea mto katikati ya miguu. Nilikiweka juu ya shuka, karibu na mkono wake. Akakichukua, akakisogeza machoni, akakipitishia kidole gumba kutoka juu hadi chini, taratibu, mpaka mwisho. Unajua alisema nini? Hakulia, hakushangaa. Akaniuliza: "Na vilivyobaki viko wapi?"

Nimemkimbilia daktari na kipande mkononi kama kichaa. Ni mtu mwema, alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Mama, wiki mbili zilizopita ulikuja hapa ukasema picha ni yake na yeye ameikataa, ukatia saini. Leo unaniambia picha haikuwa yake, na yeye alikuwa sawa. Nikuamini wewe yupi? Unampenda mama yako, na mtu anayependa ataniambia chochote." Nikamwonyesha barua ya mkeo. Akasema wifi yangu hakuwepo picha ikifika, na hakuiona ikitundikwa. "Anayejua ipi ilikuwa ipi ni aliyeichapa," akasema. "Aje akae pale kwenye kiti, aseme mbele yetu sote, na tutamjaribu mgonjwa upya kabla ya kuamua. Bila hivyo, lililo kwenye faili ndilo litakalosomwa."

Wanakaa Ijumaa saa tatu asubuhi. Basi la mwisho litakalokufikisha linaondoka kwenu Alhamisi saa tisa alasiri, nimepiga simu stendi nimeuliza. Alhamisi jioni ndiyo mnatundika picha za jengo. Najua. Nimelijua hilo nikiwa natafuta saa za basi, na nimekaa nalo, na nimejaribu kuona kama yote mawili yanaweza kufanyika. Hayawezekani. Huwezi kuwa juu ya ngazi unanyoosha fremu na wakati huo huo uwe njiani kuja kwa Mama.

Usinitumie pesa. Usinitumie vipande, wala barua ya kusema pole, wala habari za jinsi ulivyobanwa na ulivyotaka kuja kuniambia tukiwa tumekaa. Usimtume mkeo akusemee. Wala usiniambie kwamba Mama atasamehe, kwa sababu atasamehe, na hilo halitampa kitanda wodi ya mazoezi.

Simu yangu iko wazi na iko mkononi. Nataka neno moja kutoka kwako kabla ya saa sita mchana siku ya Alhamisi, ili nimwambie daktari aweke kiti au asiweke. Ikipita saa sita hujajibu, nitajua umejibu.

Ijumaa asubuhi utakuja ukae mbele ya madaktari, useme kwamba ile picha ilikuwa ya bandia, kwamba ulijua, na kwamba Mama ndiye pekee aliyeitambua? Ndiyo, au hapana?

Dada yako